Zimwi Anapoketi Mezani: Ngeli, Majina na Uumbaji wa Ulimwengu katika Mchezo wa Uhusika

Ikisiri

Makala hii inahakiki uumbaji wa ulimwengu wa kubuni katika mchezo wa uhusika wa mezani, hasa unapochezwa mtandaoni, na kuuliza ni nini hutokea ulimwengu huo unapoumbwa kwa Kiswahili badala ya kupambwa kwa maneno ya Kiswahili. Mifano imetolewa katika Nyumbani ya Charles R. Saunders, Nyambe ya Chris Dolunt, Tékumel ya M. A. R. Barker na Kusadikika ya Shaaban Robert. Inadaiwa kwamba ngeli, upatanisho wa kisarufi na kanuni za maamkizi humlazimisha muumbaji aamue nani ni mtu na nani ni mkubwa hata kabla hajachora ramani.

Utangulizi

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimboni Wisconsin nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku kimoja kwa jina la Dungeons & Dragons. Nakala za chapa ya kwanza zilikuwa 1,000. Ndani ya vijitabu hivyo mlikuwa na kanuni za mapigano, orodha ya viumbe na orodha ya uchawi; nchi iliyoelezwa kwa kina haikuwamo. Kila kundi la wachezaji lilitakiwa kujiumbia yake. Utaratibu wenyewe ni mwepisi kueleza: msimamizi wa mchezo husimulia mahali na hali, kila mchezaji hutamka anachotenda mhusika wake, na pale ambapo matokeo hayajulikani dadu hurushwa. Utaratibu huo haujabadilika sana tangu hapo, ila meza imehama. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, programu kama Roll20 zimewawezesha watu walio katika miji na mabara tofauti kukutana mbele ya ramani moja ya kioo, kurusha dadu za tarakimu na kuandikiana au kusemezana.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeizoea nchi ya kubuni, lakini aghalabu umeisoma kama istiari. Kusadikika husomwa kama Tanganyika ya wakoloni. Nchi zisizo na majina katika riwaya za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), husomwa kama mahangaiko ya nafsi na ya falsafa. Usomaji huo una haki yake. Hata hivyo, hausaidii sana mbele ya nchi ambayo haikuumbwa ili ifasiriwe bali ili ikaliwe kwa saa nne kila Jumamosi na watu watano wenye nia zinazokinzana.

Suala hili si la burudani tu. Januari 2023, baada ya ghasia kubwa ya wachezaji na wachapishaji wadogo waliopinga mpango wa kubadilisha leseni huria ya mwaka 2000, kampuni ya Wizards of the Coast iliziweka kanuni za msingi za mchezo huo chini ya leseni ya Creative Commons inayodai utajo wa chanzo tu. Kwa hiyo, leo yeyote anaweza kuzifasiri kwa Kiswahili, kuzichapa na kuziuza bila kuomba ruhusa. Kizuizi cha kisheria kimeondoka, na kilichobaki ni cha lugha. Mfasiri atakayeketi na orodha ya viumbe na watu wa mchezo huo atakutana na maamuzi ambayo Kiingereza hakikuwahi kumdai Gygax.

Ulimwengu unaoumbwa kwa kuulizwa

Walioandika juu ya uumbaji wa aina hii hupenda kutofautisha njia mbili. Ya kwanza huanzia juu: miungu, mabara, enzi, falme, kisha miji. Ya pili huanzia kijijini: kisima, mlango wa kilabu cha pombe, mzee anayejua jambo, kisha barabara inayotoka nje. Ed Greenwood wa Kanada alianza kuisimulia dunia ya Forgotten Realms akiwa mtoto katika miaka ya 1960, kabla mchezo wenyewe haujakuwapo. Ilipochapishwa mwaka 1987 ilikuwa tayari na tabaka nyingi za simulizi ndogondogo. Eberron ya Keith Baker ilizaliwa kinyume kabisa: mwaka 2002 kampuni iliitisha shindano, mapendekezo takriban 11,000 yakapokewa, na hatua ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja tu. Dunia nzima ilitakiwa ijitetee kwa ukurasa mmoja. Bila shaka shindano la namna hiyo huwapendelea wenye wazo linalotamkika kwa sentensi moja, na huwanyima nafasi wale ambao ulimwengu wao umekaa katika mambo madogo.

Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo inayohusiana zaidi na fasihi simulizi. Katika Microscope ya Ben Robbins (2011) hakuna msimamizi. Wachezaji huanza kwa kukubaliana mambo yatakayoruhusiwa na yatakayokatazwa katika historia wanayoiunda, kisha kila mmoja kwa zamu huongeza enzi, tukio au onyesho, bila kufuata mpangilio wa wakati. Mtu anaweza kuuteketeza mji kwa zamu moja, na mwenzake akarudi nyuma miaka mia mbili kusimulia harusi iliyofanyika katika mji huohuo. Katika The Quiet Year ya Avery Alder (2013) karata 52 huongoza mwaka mmoja wa jamii ndogo, na ramani huchorwa kadiri karata zinavyofunuliwa. Makundi mengi hutumia michezo hii kuandaa ulimwengu ambao baadaye watauchezea kwa kanuni nyingine.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi atashawishika kusema kwamba msimamizi ni fanani na wachezaji ni hadhira hai. Ulinganisho huo una faida, ila husukumwa mbali kupita uwezo wake. Katika utambaji wa ngano hadhira huitikia mwito wa ufunguzi, huimba kiitikio, hucheka, humkosoa fanani anayesahau. Lakini zimwi lazima life na yatima lazima aokoke. Hadhira ikiubadilisha mwisho huo, ngano imeharibika. Katika mchezo wa uhusika mwisho ndio usiokuwapo. Tena ngano haihitaji ramani. Hapo zamani za kale palikuwa na mji: hakuna anayeuliza mji huo unakula nini. Mchezaji huuliza. Nyuma ya kilima kuna nini? Mtumbwi unakodishwa kwa bei gani? Mfalme akifa nani hurithi, mwana au mpwa? Gary Alan Fine, mwanasosholojia aliyekaa na makundi ya wachezaji na kuchapisha Shared Fantasy mwaka 1983, alionyesha kwamba dunia hizi hushikiliwa na makubaliano yanayojadiliwa kila dakika. Sehemu kubwa ya ulimwengu wa mchezo huumbwa kwa kuulizwa, na msimamizi hodari ni yule ambaye jibu lake la papo kwa papo halivunji majibu yake ya mwezi uliopita.

Ukisomwa kwa jicho hilo, Kusadikika (1951) hudhihirisha jambo ambalo usomaji wa kiistiari huliruka. Shaaban Robert aliweka nchi angani, akaipa mfalme, baraza, waziri mwenye hila na mahakama, kisha akapeleka wajumbe sita pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Hakuna mwandishi wa mchezo aliyewahi kupanga njia za safari kwa ulinganifu zaidi. Lakini jina lenyewe la nchi limeshafunga mlango. Ni kitenzi-jina chenye mnyambuliko wa kutendeka: ni ile inayoweza kusadikiwa. Wahusika nao ni sifa zinazotembea. Karama na Majivuno hawana la kufanya isipokuwa kuwa karama na majivuno. Msomaji hawezi kuuliza Majivuno alikuwa na dada wangapi, wala hapaswi. Kwa mwandishi mwadilifu huo ni uwezo, si upungufu. Kwa mchezaji atakayepewa kuigiza Majivuno kwa miezi sita, jina hilo ni hukumu iliyotolewa kabla ya kesi.

Nyumbani isiyo nyumbani

Kiswahili kiliingia katika dunia za kubuni za Kiingereza muda mrefu kabla ya meza za mtandaoni. Charles R. Saunders alizaliwa Pennsylvania mwaka 1946, akahamia Kanada mwaka 1969 na kufariki huko mwaka 2020. Katika miaka ya 1970 alianza kuandika hadithi za upanga na uchawi zilizowekwa katika bara la kubuni linalofanana na Afrika, na bara hilo akaliita Nyumbani. Riwaya ya kwanza, Imaro, ilitoka mwaka 1981. Shujaa wake amelelewa na Ilyassai, wafugaji wapiganaji waliochongwa kwa sura ya Wamaasai. Maadui zake ni pamoja na Mashataan, nguvu za uovu ambazo jina lao halimwachi msomaji wa Kiswahili na shaka yoyote. Uchapishaji wenyewe ulikumbwa na kichekesho kichungu. Jalada lilikuwa limtangaze Imaro kama Tarzan mweusi, warithi wa Edgar Rice Burroughs wakapinga, na kitabu kikacheleweshwa. Mtu aliyeandika ili kuibomoa Afrika ya Tarzan alinaswa na jina la Tarzan.

Saunders anastahili heshima aliyopewa ya kuwa mwasisi, na ingekuwa uchoyo kumhukumu kwa kamusi. Hata hivyo, jina Nyumbani linadai kusikilizwa. Kwa Kiswahili si nomino ya kawaida bali ni nomino iliyobeba kiambishi cha mahali -ni, na upatanisho wake ni wa mahali: nyumbani pana, nyumbani kuna, nyumbani mwao. Haliwezi kutajwa bila kuuliza ni kwa nani. Katika sentensi ya Kiingereza kiambishi hicho hufa, na neno likawa jina la pekee kama Narnia. Msomaji wa Kiingereza hupata ugeni. Msomaji wa Kiswahili hupata kinyume chake kabisa, kwa kuwa hakuna neno lililo karibu naye kuliko hilo. Yumkini Saunders aliyataka yote mawili kwa pamoja. Kwa Mmarekani mweusi aliyeiacha Marekani, kuliita bara la mababu lisilofikika kwa neno linalomaanisha kwako ni kitendo chenye uchungu wake, na uchungu huo haumo katika ploti bali katika kiambishi kilichokufa. Ndiyo maana tafsiri ya Imaro kwa Kiswahili, ikitokea, itakwama kwenye neno la kwanza kabisa. Bara hilo haliwezi kubaki Nyumbani bila kila sentensi kugeuka kuwa sentensi ya mtu anayerudi kwao.

Mwaka 1987 Saunders aliandika katika jarida la Dragon makala ya viumbe wa masimulizi ya Kiafrika kwa matumizi ya wachezaji. Miaka 15 baadaye, Chris Dolunt alitoa Nyambe: African Adventures (2002), kitabu kizima cha bara la kubuni lenye asili ya Afrika kwa kanuni za toleo la tatu la Dungeons & Dragons. Ni kazi yenye nia njema na utafiti mpana kuliko ilivyokuwa desturi ya wakati wake. Inakwepa kuwaweka wakoloni katikati na inawapa watu wa bara hilo historia yao wenyewe. Udhaifu wake uko mahali ambapo hapakutazamiwa: katika istilahi. Kitunusi, pepo wa majini anayesimuliwa pwani kwamba huwakamata waogaji na wavuvi, amepewa nafasi ya wale wafupi wa hadithi za Ulaya. Mtaalamu wa uchawi ameitwa mchawi.

Neno hili la mwisho halipaswi kupitwa haraka. Lugha ya Kiingereza ya michezo hutofautisha kwa utulivu kabisa mwenye elimu ya uchawi, mwenye kipaji cha uchawi na mwenye mkataba wa uchawi, na wote wanaweza kuwa mashujaa. Kiswahili hakina utulivu huo. Mganga hutibu, hata kama nguvu zake zinatoka mahali palepale; mchawi hudhuru, na uchawi wake hujulikana kwa madhara, si kwa ufundi. Ni neno lenye nafasi katika sheria: Kenya ina sheria ya uchawi tangu 1925, na Tanganyika tangu 1928. Ni neno ambalo kwa tuhuma yake vikongwe wameuawa Usukumani, wengine kwa ushahidi wa macho mekundu tu. Mchezaji wa Dar es Salaam akiandika mchawi katika karatasi ya mhusika wake, hajajaza nafasi ya kazi, amekiri kosa. Si kwamba neno hilo lisitumike. Mchezo unaweza kuwa mahali pazuri pa kuuliza nani humwita nani mchawi na kwa faida ya nani. Lakini hapo ulimwengu lazima uumbwe kuizunguka tuhuma hiyo, wala neno lisiwekwe kama kibandiko juu ya jedwali lililokuwa tayari. Mfasiri atakayetaka shujaa msomi wa uchawi atapata mawazo ya kufaa zaidi katika falaki, ramli na uganga, kila kimoja kikiwa na vitabu vyake, walimu wake na ada zake.

Zimwi na kiambishi chake

Kiini cha tatizo la kilugha kimo katika methali inayojulikana na kila mtoto: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii haisemi zimwi akujuaye. Kanuni ya Kiswahili Sanifu ni kwamba nomino za viumbe hai huchukua upatanisho wa a- na wa- bila kujali umbo lao: kijana amefika, kipofu ameketi, sungura amemdanganya fisi, samaki amevuliwa. Inafaa kutua hapa kidogo, kwa maana ni jambo ambalo lugha nyingi za Ulaya hazina. Kwa kiambishi cha nafsi, Kiswahili hakimtofautishi mtu na mnyama. Sungura wa ngano hahitaji kufanywa mtu kwa kuvalishwa koti, kwa kuwa sarufi imekwisha kumpa a- yake. Mpaka umewekwa kwingine: kwa ukubwa na udogo wa dharau. Jitu limekuja. Kitoto kimelala. Joka limejizungusha. Ji- na ki- zinaweza kumtoa kiumbe katika jamii ya wenye a- na kumweka miongoni mwa majabali na vijiko.

Sasa mchezo unaruhusu, na siku hizi unahimiza, mtu kuigiza uhusika wa yule ambaye zamani alikuwa windo. Zimwi linataka kuwa shujaa. Katika Kiingereza badiliko hilo ni la kimaadili tu. Katika Kiswahili ni la kisarufi, na husikika kila sentensi. Msimamizi anayesema zimwi limeingia sokoni amesimulia hatari. Akisema zimwi ameingia sokoni, wenye maduka hawana haki ya kukimbia. Kundi linalocheza kwa Kiswahili linaweza kuufanya upatanisho huo uwe sehemu ya ulimwengu wenyewe: walinzi wa lango wanasema li-, rafiki zake wanasema a-, na siku ambayo mlinzi atateleza na kusema a- itakuwa na uzito ambao hakuna pigo la dadu linaloweza kuuleta. Umilikishi nao una ngazi zake, kwa kuwa joka langu, joka wangu na rafiki yangu ni mahusiano matatu tofauti kabla mhusika hajatenda lolote.

Hali ya wafupi ni ngumu zaidi. Kibeti hupata a-, lakini ki- yake ina historia pamoja na kiwete, kiziwi, kipofu na kilema, kundi la maneno ambalo watu wenye ulemavu wamekuwa wakilikataa na kutaka waitwe watu kwanza. Kuliita taifa zima la wahunzi na wachimba madini kwa neno hilo ni kuwapa jina ambalo majirani zao wangewaita, na wao wenyewe wasingelikubali. Jibu rahisi ni kuwapa jina lao wenyewe kwa mzizi mpya. Hapo ndipo mtego wa pili unapotegwa.

Mzizi mmoja wa Kiswahili huzaa taifa zima. Mtu akibuni -vumbwe amekwisha kupata Mvumbwe, Wavumbwe, Kivumbwe na Uvumbwe: mtu, watu, lugha na mila, na nchi. Hakuna lugha inayomrahisishia muumba kazi kiasi hicho, na hakuna urahisi unaopaswa kutiliwa shaka zaidi. Mofolojia imeleta pamoja nayo dai kwamba kila watu wana nchi moja, lugha moja na tabia moja; ndilo dai ambalo maofisa wa kikoloni walilipenda walipokuwa wakichora mipaka ya makabila na kuwatafutia machifu. Ndilo pia dai lililokuwa limejificha katika kanuni za Dungeons & Dragons tangu mwanzo, ambamo kila aina ya watu ilikuwa na mwelekeo wake wa wema au uovu. Desemba 2022 wachapishaji walitangaza kwamba neno lililotumika kwa miongo mingi kwa maana ya mbari litaondolewa na kuwekwa spishi, na ndivyo kitabu cha mwaka 2024 kilivyotoka. Kwa Kiswahili badiliko hilo haliwezi kunakiliwa tu. Spishi ni neno la darasa la biolojia, mbari ni la ukoo, kabila lina siasa zake, rangi haina maana hapa. Huenda neno lililo salama kuliko yote ni watu, likifuatwa na mahali: watu wa milimani, watu wa bondeni.

Kiswahili chenyewe, ajabu, ndicho mfano bora wa kuukwepa mtego huo. Kina Kiswahili, lugha ya mamilioni ambao wengi wao hawajiiti Waswahili. Kina Waswahili, ambao swali la nani ni Mswahili limejaza makala kwa zaidi ya nusu karne bila mwafaka. Kina Uswahili, ambao si nchi bali ni mwenendo, na Uswahilini ambako ni mtaa. Ulimwengu wa mchezo ulioumbwa kwa mfano wa mzizi huu uliokataa kunyooka ungekuwa na mkanganyiko wa kweli wa bandari: mwenyeji wa leo ni mgeni wa jana, na lugha hutangulia watu wake.

Meza inayoandika

Kuhamia mtandaoni kumeleta badiliko ambalo wahakiki wa utendaji wangepaswa kulipima. Mezani pa kawaida neno hutamkwa na kupotea, na kumbukumbu za wachezaji hubishana. Mtandaoni, hasa panapochezwa kwa maandishi, kila tamko hubaki na linaweza kutafutwa. Jina la mto lililobuniwa kwa pupa saa tano usiku huwa hati. Simulizi limepata tabia ya andiko, na mamlaka huhama kutoka kwa mwenye kumbukumbu nzuri kwenda kwa mwenye kutafuta haraka. Vipindi vinavyorushwa hadharani, kama Critical Role iliyoanza kurushwa mwaka 2015 na ambayo dunia yake, Exandria, sasa ina vitabu na katuni, vimeongeza hadhira ya tatu isiyo na haki ya kuuliza lolote. Hapo mchezo unarudi karibu na tamthilia.

Kwa Kiswahili maandishi hayo yanaibua pia suala la lahaja. Ni kishawishi kikubwa kuwapa wafalme Kimvita, mabaharia Kiamu na vijana wa vichochoroni Sheng. Panapo ujuzi, utajiri huo ni wa kweli. Pasipo ujuzi, mkulima wa ulimwengu wa kubuni huishia kusema kwa matamshi ya bara yaliyoigizwa ili achekwe, na dharau ya mjini ikasafiri hadi kwenye sayari yenye miezi miwili.

Nani atamwamkia nani

Hakuna aliyeichukulia lugha kwa uzito zaidi katika fani hii kuliko M. A. R. Barker, profesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliyekuwa ameandika sarufi ya lugha ya Waklamath wa Oregon kabla ya kutoa Empire of the Petal Throne mwaka 1975. Lugha yake ya kubuni, Tsolyáni, ina viwakilishi vingi vya nafsi ya pili vinavyopangwa kwa cheo. Kwa miaka mingi ilisifiwa kama kilele cha ufundi. Mwaka 2022 taasisi inayosimamia urithi wake ilikiri hadharani kwamba Barker ndiye aliyeandika, kwa jina la bandia, riwaya ya kinazi iliyochapishwa mwaka 1991. Tangu hapo haiwezekani kuzisoma ngazi zile za heshima kama ufundi mtupu, ingawa pia si haki kudai kwamba kila mchezaji aliyezitumia alikuwa akiimba wimbo wa mwandishi. Wachezaji wa Tékumel walikuwa wameshaiongezea dunia hiyo mambo ambayo mwenyewe hakuyaumba.

Kiswahili hakihitaji kubuni ngazi za heshima; kinazo. Kwa sehemu kubwa hakizijengi juu ya cheo bali juu ya umri na ukoo. Katika kanuni zilizo huria sasa, mmoja wa watu wa misituni hufikia utu uzima akiwa na umri wa karibu miaka 100 na anaweza kuishi hadi 750. Kijana wao wa miaka 90, ambaye kwao bado ni mtoto, anakutana njiani na mkulima wa miaka 60 mwenye wajukuu. Kiingereza kitawaacha wasalimiane kwa neno lolote na kuendelea na safari. Kiswahili kinasimama. Mmoja lazima aseme shikamoo na mwingine aseme marahaba, na hakuna kanuni ya mchezo inayosema ni nani. Ikihesabiwa miaka, mkulima ndiye mdogo. Ukihesabiwa utu uzima, yeye ndiye mzee. Ikihesabiwa sura, kijana wa misituni anaonekana wa miaka 15, na watu walioko barabarani wanatazama. Kundi likiamua kwamba watu wa misituni hupokea shikamoo ya kila mwanadamu, limeumba himaya bila kutaja mfalme wala jeshi. Likiamua kwamba hufunzwa tangu utotoni kumwamkia kila mwenye mvi, limeumba watu wanaojua kwamba watawazika wote wanaowaamkia. Na wachezaji wakinyamaza, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze, msimamizi atalazimika kuandika chini sababu ya ukimya huo, kwa kuwa kikao kijacho kuna atakayeuliza.